Kalekye na Mwanasha Wawili

Kwa miaka sita Kalekye alikuwa karani wa shule ya msingi iliyo kando ya barabara ya Msambweni, upande wa Mwabungo, na kwa miaka hiyo yote hakuna mwalimu aliyewahi kumrudishia orodha akisema, "Hapa umekosea." Alipiga taipu kwa vidole vyote kumi, macho yameganda kwenye karatasi ya pembeni. Akimaliza stensili moja aliisoma mara mbili, mara ya pili akianzia chini kwenda juu, ndipo aipeleke kwenye mashine ya kurudufu. Walimu walimtania kwamba hata malaika wanaoandika matendo ya watu wangemwazima awasaidie.

Alizaliwa Mackinnon Road, mtoto wa nne wa fundi wa kuziba matairi ya malori. Shuleni hakung'ara. Kila mwisho wa muhula majina yalisomwa gwaride zima likisikiliza, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na jina lake lilikuja wakati watoto wamekwisha kuchoka kusimama. Mwaka mmoja mwalimu wake alianza kumwita "Arobaini na Moja" badala ya jina lake, na wenzake wakalichukua. Alipomaliza darasa la saba mjomba wake alimpeleka Mombasa kujifunza upigaji taipu. Huko, ambako hakuna aliyejua habari za arobaini na moja, alimaliza mafunzo akiwa wa kwanza. Hakujiuliza kwa nini. Alichotoka nacho shuleni ni imani kwamba namba ya mtu ni namba yake, kama urefu wake, na kwamba kazi ya karani ni kuiandika sawasawa.

Vurugu za Agosti 1997 zilipozuka pwani, watu wa bara wakishambuliwa, yeye na mumewe Mwanzia, mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani, walimchukua binti yao Kavita wakakimbilia Mackinnon Road. Mwezi wa kumi Mwalimu Mkuu, Bwana Karisa, akawatumia salamu: "Mwambieni karani arudi. Majirani wamemtunzia kuku wake, na mimi hapa sijui kitu gani kiko wapi." Wakarudi. Lakini shule waliyoirudia haikuwa ile. Walimu wengi wa bara walikuwa wameomba uhamisho. Watoto wa shule mbili za jirani walikuwa wameletwa hapo kwa kukosa walimu kwao, na darasa la sita peke yake lilikuwa na watoto tisini na wawili, wengi wao sura ngeni.

Mwezi Januari 1998, watoto hao walipoingia darasa la saba, Bwana Karisa aliamua kuwagawa. Arobaini na watano wa juu katika mtihani wa mwisho wa mwaka wangekuwa Saba A, waliobaki wangekuwa Saba B. Aliingia ofisini asubuhi akiwa ameshika karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono.

"Bi Kalekye, orodha hii naitaka ubaoni kabla ya kengele ya saa nne."

Mwandiko ulikuwa wa mwalimu aliyekwisha kuhamia kwao bara, na ulikuwa wa haraka. Majina mengi yalikuwa kamili. Lakini nambari ya nne iliandikwa "Mwanasha" tu, na ya sabini na tisa iliandikwa "Mwanasha" tu. Kalekye akafungua rejista. Walikuwapo wawili: Mwanasha Dzombo na Mwanasha Suleiman, wote wamekuja kutoka zile shule za jirani.

Alisimama dirishani. Watoto walikuwa wakifagia uwanja. Mwanasha Dzombo alikuwa na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi na soksi nyeupe mpaka magotini. Baba yake alikuwa mpishi wa hoteli na mjumbe wa kamati ya shule. Mwanasha Suleiman alikuwa akifagia huku amevaa ndara, ya kushoto ya kijani na ya kulia nyekundu. Bibi yake alikuwa akikaanga samaki pale njia ya Gazi, na mtoto huyo alikuja shuleni na harufu ya mafuta ya samaki kwenye nguo. Saa ilikuwa saa tatu na nusu. Kalekye hakusita hata nusu dakika. Alirudi mezani, akaandika Dzombo kwenye nambari ya nne, na Suleiman kwenye ya sabini na tisa. Kisha akaisoma stensili mara mbili, mara ya pili akianzia chini, na hakuona kosa lolote.

Saba A walipewa chumba chenye madawati na Mwalimu Milcah, mwanamke aliyesomea ualimu na aliyejulikana kwa hisabati. Saba B walipewa banda la makuti nyuma ya vyoo na kijana aliyemaliza kidato cha nne, Nahashon, aliyelipwa na wazazi. Wiki haikuisha kabla watoto hawajabuni jina. Saba B wakaitwa "Saba Basi", kana kwamba habari yao imekwisha.

Mwanasha Dzombo aliingia Saba A akitetemeka. Alijua moyoni kwamba hakuwahi kuwa wa nne katika jambo lolote. Siku ya tatu Mwalimu Milcah alimwita ubaoni akokotoe sehemu, na mtoto akasimama na chaki mkononi, hajui aanzie wapi. Alingoja kupigwa. Lakini Milcah alikuwa ameiona orodha.

"Umechoka, mwanangu?" alimwuliza. "Au mimi ndiye sikueleza vizuri? Hebu tuanze tena. Mtu kama wewe haliwezi kukushinda hili."

Akaeleza tena, polepole, kwa mfano wa chapati. Mtoto akakosa. Akaeleza mara ya tatu, kwa njia nyingine. Safari hii akapata, na darasa likampigia makofi. Mambo yakaendelea hivyo. Akikosa, Milcah alidhani mtoto anaumwa, au ametishwa na mtu, au somo lenyewe limekwenda mbio. Hakudhani hata siku moja kwamba mtoto hana akili. Nyumbani nako baba yake, ambaye alikuwa amekata tamaa naye tangu darasa la tatu, alianza kumwekea taa mezani na kuwanyamazisha wadogo zake: "Nyamazeni, dada yenu anasoma." Mwanasha akaanza kusoma kweli.

Upande wa pili wa shule, chini ya makuti, Mwanasha Suleiman alikuwa ameliona jina lake ubaoni na kujua kwamba ameanguka. Hakumwuliza mtu. Karatasi za mtihani hazikuwa zimerudishwa, kwa maana shule ilifungwa kwa haraka mwaka ule. Wiki za kwanza alijitahidi. Katika jaribio la kwanza la Nahashon alipata hesabu ishirini kwa ishirini, na Nahashon, ambaye naye alikuwa ameiona orodha, akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Umenakili kwa nani?"

"Sikunakili, mwalimu."

"Nambari sabini na tisa apate ishirini kwa ishirini? Umenakili kwa nani?"

Aliadhibiwa kwa kunakili na kwa kusema uongo. Jaribio la pili alipata kumi na nane, akahamishwa kiti akaketishwa peke yake kando ya nguzo. La tatu alipata kumi na moja, na hakuna aliyemwuliza kitu. Baada ya hapo hakunyoosha tena mkono. Nahashon hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na umri wa miaka ishirini, ameambiwa kwamba amepewa mabaki, naye aliamini alichoambiwa, kama kila mtu pale alivyoamini.

Mwezi wa nane, shule ilipofungwa, Kalekye alipiga orodha ya muhula wa pili. Mwanasha Dzombo alikuwa wa tisa. Mwanasha Suleiman alikuwa wa themanini na tatu. Namba hizo hazikumshangaza.

Siku mbili baadaye alikuwa akisafisha kabati la stoo. Kulikuwa na furushi la karatasi za mtihani wa mwaka uliopita, limefungwa kwa ukanda wa mpira, na yeye alikusudia kumpa mama anayeuza njugu pale stendi ya Ukunda. Alilifungua aondoe pini. Karatasi ya juu ilikuwa insha, mwandiko umenyooka, na chini yake kwa wino mwekundu: "Vizuri sana! Thelathini na sita kwa arobaini." Jina lilikuwa juu, limeandikwa na mtoto mwenyewe: Mwanasha Suleiman.

Aliketi juu ya gunia la mahindi ya shule. Alitafuta karatasi zake nyingine. Hisabati, themanini na nane. Sayansi, themanini na moja. Kisha akatafuta za Mwanasha mwingine, nazo alizipata: Mwanasha Dzombo, hisabati, ishirini na tatu.

Hakumpa muuza njugu furushi lile. Alirudi nyumbani mapema akamkuta Mwanzia akimwagilia sukuma wiki nyuma ya nyumba, akamweleza yote akiwa amesimama na mkoba begani.

"Umemwambia nani?" Mwanzia aliuliza.

"Wewe."

"Basi iishie kwangu." Alizima bomba. "Mama Kavita, sikiliza. Hoteli haina wageni. Mimi nafanya kazi siku tatu kwa wiki, na huenda wiki ijayo ikawa mbili. Ukifukuzwa pale tutakula nini? Mwaka ujao watafanya mtihani mwingine, kila mtu atapata chake."

"Hatapata chake, Baba Kavita. Huyo mtoto alikuwa wa nne. Sasa ni wa themanini na tatu. Hakuumwa, hakufiwa. Niliandika kwamba ni mjinga, na amekuwa." Aliuweka mkoba chini. "Wajua kwa nini niliandika vile? Nilitazama viatu."

Mwanzia alifungua bomba tena, akasema bila kumtazama, "Nenda basi. Lakini vaa ile nguo yako ya kanisani, wakikufukuza wakufukuze ukiwa umependeza."

Bwana Karisa aliishi karibu na shule. Alimpokea Kalekye barazani, akazisoma zile karatasi moja moja, akavua miwani.

"Hili ni jambo dogo," alisema hatimaye. "Muhula ukifunguliwa tutawabadilisha. Suleiman aende A, Dzombo aende B. Tutasema ni marekebisho. Hakuna haja ya kelele."

Kalekye alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Hilo hakulitarajia.

"Mwalimu Mkuu, kwa heshima yako, huyu Dzombo tunampeleka B kwa kosa gani? Alikuwa wa sabini na tisa, sasa ni wa tisa. Tukimrudisha tutamwambia nini? Kwamba akili alizopata muhula huu tunazitaka turudishiwe?"

Karisa alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. Katika miaka sita karani huyu hakuwahi kumjibu zaidi ya "ndiyo, Mwalimu Mkuu". Aliagiza Milcah na Nahashon waitwe.

Walipofika na kuelezwa, Milcah alizipanga zile karatasi ubavu kwa ubavu. "Ningelijua ni wa sabini na tisa," alisema, "siku ile ya chaki ningemwambia aketi. Ningeita mwingine." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Miaka ishirini na miwili nimefundisha, nikidhani ninawapima. Kumbe nilikuwa ninawapa kipimo nilichokuta kimeandikwa."

Nahashon alikuwa ameshika ile karatasi ya themanini na nane. "Nilimchapa," alisema. "Alipata zote, nikamchapa."

"Basi wote wawili waje A," alisema Karisa.

"Na wengine arobaini na sita?" Milcah aliuliza. "Tumegundua kosa la mmoja kwa sababu ya majina kufanana. Wale wengine hakuna aliyewakosea kwenye orodha, lakini wamekaa miezi minane wakiitwa Saba Basi. Nani ajuaye wangekuwa wapi?"

Walizungumza mpaka adhana ya alasiri ikapita. Walipoinuka walikuwa wamekubaliana: muhula wa tatu hapatakuwa na A wala B. Watoto watachanganywa katika madarasa mawili sawa, Milcah atafundisha hisabati katika yote mawili, na Nahashon atakaa nyuma ya darasa lake ajifunze. Kamati ya wazazi ingeitwa ielezwe.

Lakini kabla ya kamati, Kalekye alikuwa na safari yake mwenyewe. Alishika njia ya Gazi akiwa na ile insha na karatasi ya hisabati ndani ya bahasha. Alimkuta Bi Mwanatumu, bibi yake mtoto, akipanga samaki kwenye sinia.

"Hodi. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kumezuka nini, karani kuja kwetu wakati wa likizo?"

Kalekye alimweleza hapo hapo, bila kupunguza, hata habari ya ndara. Bi Mwanatumu aliacha mikono kwenye sinia. Hakupiga kelele.

"Kwa hiyo mtoto huyu amepigwa kwa sababu yangu mimi kukosa hela ya viatu."

"Kwa sababu yangu mimi, Bibi. Nimekuja kukuomba radhi, na yeye pia."

Mwanasha aliitwa. Alisimama mlangoni mikono nyuma, macho chini. Kalekye akamfunulia karatasi ya hisabati. "Hii ni yako. Wewe ndiye uliyekuwa wa nne. Mimi ndiye niliyekosea kuandika."

Mtoto aliitazama ile themanini na nane. Aliitazama kama picha ya mtu ambaye hamkumbuki vizuri.

"Labda nilinakili," alisema taratibu.

Kalekye alikuja akidhani kwamba akishasema ukweli kila kitu kitarudi mahali pake. Sasa aliona kwamba namba inaweza kufutwa ubaoni kwa dakika moja, lakini ndani ya mtoto ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Alimvuta mtoto karibu yake, akamweleza jambo ambalo hata mumewe hakuwahi kulisikia: jinsi yeye mwenyewe alivyoitwa Arobaini na Moja mwaka mzima, na jinsi alivyokuwa akiitika.

"Ulikuwa mjinga kweli?" Mwanasha aliuliza, macho yameinuka kwa mara ya kwanza.

"Nilidhani hivyo mpaka nilipokuja hapa kwenu leo."

Mkutano wa kamati ulifanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, ndani ya chumba cha Saba A, na wazazi walijaa mpaka madirishani. Bwana Karisa alipotangaza kwamba madarasa yatachanganywa, kelele zikaanza. Aliyesimama wa kwanza alikuwa Dzombo mpishi, shati jeupe limenyooshwa.

"Mwalimu Mkuu, binti yangu ni wa tisa. Amepigania nafasi hiyo. Leo unataka kumketisha na watoto wasiojua kusoma, wamvute chini? Kila mtoto akae na wenziwe wa kiasi chake!"

Wengi waliitikia. Ndipo Kalekye aliposimama kutoka kwenye kiti cha mwandishi wa kumbukumbu.

"Naomba ruhusa," alisema. Kiswahili chake kilikuwa bado na lafudhi ya kwao, na alipotishika lafudhi ilizidi. "Mimi ndiye niliyepiga ile orodha ya mwezi wa kwanza. Nilikosea. Kuna watoto wawili niliowabadilisha mahali. Majina sitayataja. Mtoto mmoja alikuwa wa sabini na tisa, nami nikamwandika wa nne. Walimu wakamfundisha kama wa nne. Nyumbani wakamtunza kama wa nne. Leo, wazazi wangu, mtoto huyo yumo katika kumi bora, na hakunakili kwa mtu."

Aliwageukia waliosimama madirishani.

"Mwingine alikuwa wa nne kwa haki yake. Nikamwandika wa sabini na tisa. Leo ni wa themanini na tatu. Mkitaka kunifukuza, mnayo haki. Lakini kabla hamjasema kila mtoto akae na wenziwe wa kiasi chake, niambieni, kiasi chake ni kipi? Kile cha mtihani, au kile nilichoandika mimi?"

Aliketi. Kisha Bi Mwanatumu, ambaye hakuwahi kuhudhuria mkutano wa shule maishani mwake, alisimama nyuma kabisa, buibui limemfunika mpaka usoni.

"Yule wa nne ni mjukuu wangu," alisema. "Namtaja mwenyewe, sioni haya. Na karani huyu asifukuzwe. Alikuja kwangu kwa miguu yake. Changanyeni watoto."

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Dzombo hakunyoosha upande wowote, lakini mikono ya kukubali ilitosha na kuzidi.

Jumatatu asubuhi Dzombo alifika ofisini kabla ya kengele. Alisimama mbele ya meza, kofia mkononi.

"Ni wangu, siyo? Yule wa sabini na tisa."

Kalekye hakujibu, na Dzombo alielewa.

"Tangu darasa la tatu," alisema, "kila akileta ripoti nilikuwa nikimwambia kichwa chake ni kifuu. Mbele ya wageni, mara nyingine. Ilipokuja hii ya nne nikasema, alhamdulillahi, ameamka. Kumbe ni mimi niliyeamka." Alijaribu kucheka, machozi yakamtangulia. "Asijue. Nakuomba."

"Hatajua kwangu."

Binti alijua hata hivyo, mwaka uliofuata, kwa kuambiwa na baba yake mwenyewe. Naye alisema tu, "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza, Baba. Niliogopa mngegundua."

Kumrudisha Mwanasha Suleiman hakukuwa kazi ya siku moja. Nahashon alimwomba msamaha mbele ya darasa zima, jambo ambalo watoto hawakuwahi kuliona kwa mwalimu. Mtoto alisema "nimekusamehe, mwalimu", lakini mkono wake haukunyooka. Milcah hakumlazimisha. Alimketisha dawati moja na Mwanasha Dzombo, na kila jioni akawapa hesabu moja ngumu, akisema, "Kesho mmoja wenu atanieleza, sijali nani." Wiki tatu alieleza Dzombo. Wiki ya nne Dzombo alikwama katikati, akageuka akamtazama mwenziwe, na Mwanasha Suleiman, akiwa ameketi, akasema kwa sauti ndogo, "Umesahau kubadilisha mita kuwa sentimita." Kisha akainuka, akaenda ubaoni, akaimaliza.

Kalekye alikuwa akipita dirishani na chupa ya chai ya walimu. Alisimama hapo mpaka chai ikapoa.

Mwaka 1999 wote shule ile ilikuwa na mvumo wa pekee. Watoto wa lile banda la makuti, waliokuwa wakija na kuondoka kama wapita njia, walianza kuuliza maswali. Mmoja, Kavenya, binti wa walowezi waliolima Shimba Hills, aligundulika kwamba haoni ubao, wala hakuwa mzito wa kuelewa kama ilivyodhaniwa. Akaketishwa mbele, akaruka nafasi arobaini. Bwana Karisa aliacha kusoma majina kwenye gwaride. Ripoti zilikuwa zikipelekwa kwa mzazi mmoja mmoja, na Kalekye alizitia kwenye bahasha kwa mkono wake.

Matokeo ya mtihani wa darasa la nane yalifika siku chache kabla ya mwaka kuisha, katikati ya mwezi wa Ramadhani. Bwana Karisa aliyapokea Kwale, akarudi na bahasha kwapani, akamkabidhi Kalekye bila kuifungua.

"Soma wewe," alisema. "Mimi macho yananichezea."

Nje walikuwa wamejaa watoto na wazazi, wengi wamefunga, midomo mikavu. Kalekye aliruka mistari yote mpaka alipoliona jina alilolitafuta, kisha akatoka kwenye ngazi.

"Mwanasha Suleiman! Mia tano na kumi na mbili kwa mia saba! Wa kwanza!"

Vigelegele vya Bi Mwanatumu vilisikika mpaka barabarani. Dereva wa lori lililokuwa likielekea Lunga Lunga alipunguza mwendo akapiga honi bila kujua ni vya nini. Mwanasha mwenyewe alisimama wima. Kisha akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Ni zangu. Nilizifanya mwenyewe." Mwanasha Dzombo, mia nne hamsini na nane, alimrukia shingoni wakaanguka wote wawili mchangani.

Kalekye aliendelea kusoma. Mwaka uliotangulia watoto tisa walikuwa wamepata nafasi za shule za upili. Safari hii aliposoma jina la mwisho walikuwa thelathini na mmoja, na kumi na wanne kati yao walikuwa wametoka chini ya yale makuti. Nahashon alikuwa akiwahesabu kwa vidole, na vidole vilipokwisha akaanza kuwahesabu kwa kuwakumbatia. Mwezi huo huo alikuwa amepata barua ya kuitwa chuo cha ualimu.

Magharibi ile Kalekye, Mwanzia na Kavita walikuwa kwa Bi Mwanatumu, waalikwa wa futari. Kulikuwa na tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, na samaki wa kukaanga wa kutosha mtaa mzima. Dzombo mpishi alileta sambusa alizopika mwenyewe, akazunguka na sinia akimkatalia kila aliyesema ameshiba. Wale Mwanasha wawili walikuwa wakibishana kuhusu shule ya bweni waliyoomba wote, nani atalala kitanda cha juu na nani cha chini.

Kabla sahani hazijaondolewa ngoma ikasikika. Watoto wa darasa la nane walikuwa wamepita nyumba baada ya nyumba tangu Mwabungo, wakipiga madebe na kuimba jina la kila aliyefaulu, na sasa walikuwa wamefika njia ya Gazi. Waliimba la Suleiman, wakaimba la Dzombo, wakaimba la Kavenya. Kisha mmoja wao akapaza sauti, "Na karani!" na wote wakaitikia, "Kalekye! Kalekye!" wakilivuta jina lake kama wimbo.

Mwanzia alimsukuma mgongoni. Kalekye akajifunga leso kiunoni, akatoka nje, akaingia katikati ya watoto, na msafara ukaendelea mbele kwenda nyumba iliyofuata.